Mashine ya Kura: Sheria za Injini katika Mashindano ya Boti, 1909 hadi Leo



Wale mliohudhuria mkutano wetu wa mwaka jana mnakumbuka jinsi mashindano ya boti yalivyokwisha. Kila mwaka wa kuhitimu ulitafuta boti yake ya uvuvi na mashine yake, na sharti lilikuwa moja tu: injini ya kupachika isizidi nguvu ya farasi 15. Boti sita ziliondoka mwaloni pamoja, na kabla hazijafika kwenye jiwe la kugeuzia, moja ilikwisha ziacha tano nyuma kama iliyoondoka jana yake. Tulishangilia, kikombe kikatolewa, picha zikapigwa. Usiku, wakati wa chakula, kijana mmoja wa mwaloni aliyesaidia kuvuta boti nchi kavu alisema, bila nia ya kumchongea mtu, kwamba mashine iliyoshinda ni ya farasi 25, ila namba ya kwenye kifuniko imekwanguliwa ikabandikwa nyingine. Yaliyofuata mnayajua. Wako waliokaa bweni moja miaka sita ambao tangu usiku ule hawapigiani simu.

Mwamuzi wa siku ile nilikuwa mimi. Nilisoma namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, nikaiandika kwenye karatasi, nikatia sahihi. Sikufunua kifuniko. Nimefanya kazi serikalini zaidi ya miaka 15, na mara nyingi nimewakaripia vijana ofisini kwa kupokea mzigo kwa kusoma hati yake bila kufungua boksi. Nami nikafanya hayohayo, tena mbele ya wageni.

Kamati imeniomba niandike makala ya historia kwa gazeti hili, kwa kuwa ndilo somo nililosoma chuo kikuu. Nimeona nisiwachoshe na mambo ya wakoloni ambayo tulikwisha kuyakariri wote. Nitaandika juu ya jambo lililotugombanisha. Ugomvi wetu si mpya. Watu wamegombana juu ya injini za boti kwa karibu miaka mia moja, katika nchi tajiri na zenye mafundi hodari, na majibu waliyoyapata yanafaa tuyajue kabla ya kushika filimbi tena.

Mwanzo wa mashine yenyewe

Injini ya kupachika haikuzaliwa kwa ajili ya mashindano. Ole Evinrude, aliyezaliwa Norway mwaka 1877 na kupelekwa Marekani akiwa mtoto, alikuwa fundi wa mitambo mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1909 alianza kuuza mashine ndogo ya silinda moja, yenye nguvu ya farasi moja na nusu, ya kufungwa nyuma ya boti ya makasia. Cameron Waterman alikuwa amemtangulia kwa miaka michache, lakini mashine ya Evinrude ndiyo iliyoenea, na mkewe Bess ndiye aliyeshughulikia barua na matangazo ya biashara. Waliokusudiwa kuinunua ni wavuvi na watu wa matembezi ziwani.

Katika miaka ya 1920 mambo yalibadilika. Evinrude, ambaye alikuwa ameuza sehemu yake mwaka 1914, alirudi na mashine ya silinda mbili iliyotumia alumini kwa wingi, na ndugu wa ukoo wa Johnson wa jimbo la Indiana wakaleta ya kwao. Mashine hizi zilikuwa nyepesi na zenye nguvu ya kutosha hata boti ndogo ikaweza kunyanyuka na kuteleza juu ya maji badala ya kuyalima. Boti ikishaanza kuteleza, mwenye boti hutaka kujua kama inateleza kuliko ya jirani yake. Hapo ndipo mashindano yalipozaliwa, na mashindano yakazaa sheria.

Sheria ya kwanza iliyoonekana ya haki ilikuwa ya ujazo wa silinda. Marekani waligawa mashine kwa herufi: daraja A hadi inchi za ujazo 14, ambazo ni kama sentimita za ujazo 230, daraja B hadi inchi 20, daraja C hadi inchi 30, na kuendelea juu. Kila mtu ashindane na wa ujazo wake, kama mabondia wanavyopangwa kwa uzito. Ni sheria nyepesi kuandika na nyepesi kukagua. Ila haikuzuia kitu.

Kwa nini ujazo hautoshi

Nieleze kidogo, kwa faida ya wale waliokimbia fizikia kidato cha tatu. Injini ya mapigo mawili, ambayo ndiyo iliyotawala mashindano haya, haina valvu kama za gari. Ukuta wa silinda una matundu: ya kuingizia mchanganyiko wa petroli na hewa, na ya kutolea moshi. Pistoni yenyewe, inapopanda na kushuka, ndiyo inayoyafunika na kuyafunua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya mashine imo katika urefu, upana na umbo la matundu hayo.

Fundi akiliinua tundu la moshi kwa milimita moja tu, muda wa moshi kutoka hubadilika, na mashine hupenda kwenda kwa mizunguko mingi zaidi. Akikwangua uso wa kichwa cha silinda, mgandamizo huongezeka. Akipanua koo la kabureta, hewa na mafuta huingia kwa wingi. Akiondoa ekzosi ya kawaida na kufunga bomba lililopimwa urefu na umbo lake, wimbi la moshi unaotoka humsaidia kuvuta mchanganyiko mpya na kuuzuia usipotee. Na katika yote hayo ujazo wa silinda unabaki uleule. Mkaguzi mwenye kipimo cha ujazo peke yake ataipiga mhuri mashine hiyo kuwa halali.

Yakaja na mafuta. Wakimbiaji waliacha petroli wakatumia pombe ya methanoli, inayostahimili mgandamizo mkubwa na kuipoza mashine, wakaichanganya na mafuta ya nyonyo kwa kulainisha. Ndiyo mafuta yaleyale ya nyonyo ambayo bibi zetu walitunywesha tukiwa na tumbo. Mashine za namna hiyo zilipiga kelele za kuziba masikio, kwa kuwa moshi ulitoka wazi bila kizuizi, na hazikufaa kwa kazi nyingine yoyote. Huwezi kwenda nayo kuvua, wala kuvusha abiria. Kufikia miaka ya 1930 mtu wa kawaida mwenye mashine ya dukani hakuwa na nafasi mbele ya mashine hizo, hata kama ujazo ulikuwa sawa kwa tone.

Injini kama ilivyouzwa

Baada ya vita vya pili vya dunia Wamarekani walijaribu jibu jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1940 vyama vya mashindano, kikiwemo APBA kilichoanzishwa mwaka 1903, viliweka madaraja ya injini za kawaida. Sharti likawa kwamba injini iwe kama ilivyouzwa dukani: petroli ya kawaida, matundu ya kawaida, kabureta ya kawaida. Baba na mwanawe wangeweza kununua mashine Ijumaa na kushindana Jumapili. Vijana wengi waliingia mchezoni kwa mlango huo.

Lakini sheria ya "kama ilivyouzwa" ina swali ndani yake: ilivyouzwa na nani? Mtu aliyelielewa swali hilo kuliko wote ni Carl Kiekhaefer. Mwaka 1939 alinunua kiwanda kidogo mjini Cedarburg, Wisconsin, na ndani yake akakuta mamia ya mashine mbovu za kupachika zilizokataliwa na duka kubwa lililoziagiza. Alizitengeneza upya, duka likazikubali, na mwaka uliofuata akaanza kuuza za kwake kwa jina la Mercury. Mwaka 1947 alitoa mashine aliyoiandika farasi 10. Waliokuwa nayo walijua kwamba nguvu yake halisi ilizidi namba hiyo kwa mbali. Mwenzetu wa mwaka jana, basi, hakuwa wa kwanza kubandika namba ndogo juu ya mashine kubwa. Tofauti ni kwamba Kiekhaefer aliibandika kiwandani kwake, jambo ambalo sheria haikulikataza.

Kisha akaleta sehemu ya chini ya mashine, ile inayozama majini, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio: nyembamba, isiyo na gia ya kurudi nyuma, yenye kukata maji kama kisu. Iliitwa Quicksilver. Kwa kuwa iliandikwa katika orodha ya bidhaa na yeyote mwenye fedha aliweza kuinunua, ilihesabiwa kuwa ya kawaida. Mashine zake zikaongoza madaraja hayo kwa miaka mingi.

Wakimbiaji nao hawakulala. Kiwanda chochote hutengeneza vipuri kwa kipimo chenye nafasi ndogo ya kuzidi au kupungua. Hakuna pistoni mbili zinazolingana kabisa. Mwenye fedha alinunua mashine tatu au nne, akazifungua zote, akachagua pistoni iliyo bora, silinda iliyo bora na shafti iliyo bora, akaunda mashine moja ambayo kila kipande chake kilikuwa ndani ya kipimo cha kiwanda, na kwa pamoja haikuwa na mfano. Mkaguzi hakuwa na la kusema. Waswahili wanasema penye udhia penyeza rupia. Sheria iliyowekwa kumlinda mtu wa kipato kidogo ikawa inampita tena kwa dirishani.

Hata hivyo utaratibu mmoja wa Wamarekani wale ulifaa, nao umedumu. Baada ya mbio, mashine za washindi hufunguliwa. Kichwa cha silinda hutolewa, matundu hupimwa urefu, koo la kabureta huingizwa kipande cha chuma cha kipimo, ambacho kikipita, mashine imekosa. Matokeo hayawi matokeo mpaka ukaguzi umekwisha. Mshindi husimama kando akingoja kama mwanafunzi mbele ya meza ya mwalimu. Nilipoyasoma hayo nilijikumbuka na kalamu yangu mwaka jana.

Tusiwe wachoyo wa sifa. Shindano hilo la viwanda lilileta faida kwa watu wasiojua mbio ni nini. Mwaka 1957 Kiekhaefer alifungua kituo chake cha siri cha majaribio katika ziwa moja la Florida, akaendesha boti zenye mashine yake mpya ya silinda sita kwa maili 25,000 mfululizo, zikitiwa mafuta huku zikienda. Mashine imara zilizopo leo katika mialo yote ya dunia, za kampuni yoyote iwayo, zimetokana na miaka ya watu kushindana kutafuta kipi kitavunjika kwanza.

Walipoachiwa wafanye watakavyo

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalitokea mashindano ambayo yalikuwa karibu hayana kikomo cha injini. Kampuni ya OMC, iliyomiliki majina ya Evinrude na Johnson, na kampuni ya Mercury zilishindana Ulaya na Marekani kwa mashine kubwa na kubwa zaidi. Mwaka 1981 ulipoanza mfululizo wa Formula 1 wa boti, OMC ilikuwa na mashine ya silinda nane yenye lita 3.5, wakati Mercury ilikuwa na ya lita 2. Mwitaliano Renato Molinari aliutwaa ubingwa mara tatu, mwaka 1981, 1983 na 1984.

Boti zenyewe zilikuwa za mbao nyembamba, zenye handaki chini ya tumbo ambalo hewa hupita na kuinyanyua boti mpaka karibu kuruka. Upepo ukiishika vibaya, pua hupanda na boti hupinduka hewani. Dereva alikaa wazi. Mwaka 1984 ulikuwa mwaka wa misiba. Miongoni mwa waliokufa ni Mwingereza Tom Percival, aliyepata ajali mjini Liège, Ubelgiji. Mashine kubwa zikaondoka, mashine za lita 2 zikashika nafasi yake, na madereva wakawekewa chumba kigumu cha kuwalinda ndani ya boti. Kwa hiyo sheria za vifaa zina kazi mbili. Huamua nani ameshinda kwa haki, na mara nyingine huamua nani atarudi nyumbani.

Japani: dereva asiye na mashine

Sasa nafika kwenye jibu lililonishangaza kuliko yote.

Baada ya vita Japani ilikuwa imeharibika, na serikali za miji na mikoa hazikuwa na fedha. Walikwisha kuruhusu kamari ya farasi na ya baiskeli ili wapate mapato. Mwaka 1951 bunge lao likajadili sheria ya mbio za boti. Baraza la juu liliikataa. Baraza la chini likaipitisha mara ya pili kwa theluthi mbili. Tarehe 6 Aprili 1952 mbio za kwanza zilifanyika Omura, katika mkoa wa Nagasaki. Leo viko viwanja 24, na mchezo ulioitwa kyotei kwa miaka mingi umetumia jina la Kiingereza la mbio za boti tangu mwaka 2010.

Boti sita huzunguka maboya mawili mara tatu, jumla ya mita 1,800. Dereva wa kwanza huvaa nyeupe, wa pili nyeusi, kisha nyekundu, buluu, njano na kijani, ili hata mzee asiyeona vizuri amtambue aliyempigia dau. Hawaanzi kwa kusimama. Hujipanga majini, kisha huja kwa kasi, na lazima wavuke mstari katika ile sekunde moja baada ya mshale wa saa kubwa kufika juu. Anayewahi hata kwa sehemu ndogo ya sekunde huondolewa, waliompigia dau hurudishiwa fedha zao, naye hufungiwa siku 30.

Waandishi wa sheria hii walikuwa na shida kuliko Wamarekani. Mmarekani akidanganya katika injini, anayeumia ni mshindani wake. Hapa raia elfu nyingi wameweka fedha. Mara watakaposhuku kwamba fulani ana mashine ya siri, hawatanunua tiketi tena, na manispaa itakosa fedha za barabara na shule. Kwa hiyo hawakutafuta namna ya kukagua mashine ya dereva vizuri zaidi. Waliamua kwamba dereva asiwe na mashine.

Mashine ni mali ya waandaaji. Zote ni za aina moja, za kampuni ya Yamato, silinda mbili, mapigo mawili, ujazo usiofika sentimita 400, nguvu ya farasi kama 30. Kila kiwanja huzibadilisha zote kila mwaka. Siku moja kabla ya mbio madereva hufika, hukabidhi simu zao, huingia bweni la humohumo kiwanjani, na hawatoki wala kuongea na watu wa nje mpaka siku za mashindano ziishe. Kisha huitwa mmoja mmoja kupiga kura: namba ya mashine, namba ya boti. Bingwa wa taifa anaweza kutoka na mashine mbaya kuliko zote, na mgeni aliyemaliza chuo juzi akapata iliyo nzuri.

Maana mashine za aina moja nazo hazilingani, kama nilivyosema juu ya pistoni. Wajapani hawakulificha hilo. Kila mashine ina namba na historia yake: asilimia ya mara ilizomaliza wa kwanza au wa pili imeandikwa katika gazeti la siku, pembeni ya jina la dereva. Mpiga dau husoma rekodi ya mtu na rekodi ya chuma.

Na fundi je? Hakusahauliwa. Kila dereva ni fundi wa nafsi yake. Anaruhusiwa kuifungua mashine aliyopewa, kuisafisha, kuipanga upya, kubadilisha ringi, pistoni, kabureta au hata shafti kwa vipuri vya kiwanjani. Lakini kipuri kikuu kikibadilishwa hutangazwa kwa watu wote kabla ya mbio. Anaruhusiwa pia kurekebisha mwinamo wa mashine nyuma ya boti, nayo namba ya mwinamo hutangazwa. Ufundi umeruhusiwa, kilichopigwa marufuku ni siri.

Mlango wa rafadha

Msidhani Wajapani walifunga kila tundu. Mwaka 1988 waliruhusu madereva waje na rafadha zao wenyewe. Yamkini walidhani ni jambo dogo, kipande cha chuma cha kuzungusha maji. Lakini rafadha ni kama kiatu cha mwanariadha. Ikigongwa kwa nyundo kidogo ukingoni, boti huondoka haraka zaidi au hushika kona vizuri zaidi.

Madereva wakaunda vikundi vya kutengeneza rafadha. Kikundi kilikodi karakana, kikatunza vipimo kwa siri, na mkongwe akawafunza wa kikundi chake. Kijana asiye na kikundi alibaki nyuma, hata kama kura ilimpa mashine njema. Ukosefu wa usawa, uliofukuzwa katika injini, ulikuwa umerudi kupitia rafadha. Ilichukua muda mrefu kulirekebisha jambo hilo. Mwaka 2012 ruhusa ilifutwa. Tangu hapo rafadha ni mali ya kiwanja na hukaa na mashine yake. Dereva anaweza kuigonga atakavyo, lakini akiondoka huiacha, na atakayepewa mashine hiyo baadaye hurithi rafadha pamoja na kazi ya nyundo ya aliyemtangulia.

Kuna gharama. Mashine ya Yamato haijawa mashine bora kwa mvuvi yeyote duniani, wala haikusudiwi kuwa. Miaka 70 ya mbio za Wajapani haikuwapa wavuvi kile walichopewa na ugomvi wa Wamarekani. Anayetaka chuma kiboreke awaachie mafundi uhuru; anayetaka watu waamini matokeo apige kura. Sijaona nchi iliyoyapata yote mawili katika mashindano yaleyale.

Shamba la baba yangu

Mtaniuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi? Yananihusu mimi zaidi ya nilivyojua.

Sheria ya Wajapani iliagiza kwamba sehemu ndogo ya fedha za dau iende kwenye kazi za manufaa. Mwaka 1962 uliundwa mfuko wa kuzisimamia, ambao leo unaitwa Nippon Foundation. Mwenyekiti wake wa kwanza, Ryoichi Sasakawa, hakuwa malaika. Baada ya vita Wamarekani walimweka kizuizini miaka mitatu kama mshukiwa wa makosa makubwa ya vita, kisha wakamwachia bila kumfikisha mahakamani, na mpaka alipofariki mwaka 1995 watu wa kwao waligawanyika juu yake. Baada ya njaa ya Ethiopia ya 1984 na 1985, yeye, Norman Borlaug aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1970 kwa kazi ya ngano, na Jimmy Carter aliyekuwa Rais wa Marekani, walianzisha mpango wa kilimo Afrika ulioitwa Sasakawa-Global 2000. Ulianza mwaka 1986 katika Ghana, Sudan na Zambia. Mwaka 1989 uliingia Tanzania.

Nilikuwa shule ya msingi. Bwana shamba alifika kwa pikipiki, akapima kipande cha shamba la baba kwa kamba, akaleta mbegu na mbolea ya mkopo, akasisitiza mistari. Baba alicheka, kisha akapanda. Msimu ule kipande kile kilizaa kuliko shamba lote lililobaki. Msimu uliofuata mahindi ya kijiji yalikuwa mengi na mnunuzi hakuonekana, na mkopo wa mbolea ulilipwa kwa taabu. Sitaki kuipamba habari. Lakini ada yangu ya kidato cha kwanza, na lile sanduku la bati mlilolicheka siku nilipofika, vilitoka katika kipande kile. Mpaka leo nyumbani kinaitwa "Sasakawa". Mfuko huohuo ulilipia dawa za ukoma zilizogawiwa bure duniani kupitia Shirika la Afya Duniani kati ya 1995 na 1999.

Wengine mtasema ni fedha za kamari, na dini zetu zina neno juu yake. Nalikubali neno hilo. Ninachosema ni kwamba Mjapani wa mwaka 1989 aliyenunua tiketi yake Omura aliinunua kwa sababu aliamini kwamba hakuna dereva aliyeingia na mashine ya siri. Imani hiyo ikiondoka, tiketi hainunuliwi, na bwana shamba haji.

Kwetu sasa

Naiomba kamati ifikirie mambo matatu kwa mkutano wa mwaka huu. Kwanza, boti na mashine zote zikodiwe na chama, za aina moja na ukubwa mmoja, pasiwe na mwaka unaokuja na yake. Pili, mashine zipewe namba, na kura ipigwe asubuhi mwaloni, mbele ya watu wote, na watoto wetu ndio wachomoe vikaratasi. Tatu, kila timu ipewe saa moja na fundi wake kuisafisha na kuiweka sawa mashine iliyopata, kwa vipuri vilivyowekwa mezani, na atakachobadilisha kiandikwe ubaoni.

Sharti hilo la tatu naliweka kwa makusudi. Fundi wa boti iliyoshinda mwaka jana ni hodari. Nimemwona akiitengeneza mashine iliyozama siku mbili. Nataka tumwone akifanya kazi mchana kweupe juu ya mashine ambayo hakuichagua. Akishinda hapo hakuna atakayenong'ona. Na ndugu zetu wa mwaka ule, ambao nasikia hawana mpango wa kuja, nawaomba waje. Kosa la kubandika namba ni lao. Kosa la kuisoma bila kuangalia ndani ni langu, na mwenye kazi ya kuangalia nilikuwa mimi.

Kama mtanikabidhi tena filimbi, matokeo yatasomwa baada ya mashine kupoa na kifuniko kufunuliwa. Chakula cha mchana kitachelewa. Naomba mnivumilie.